Magnolia Fupi Uani na Haki ya Jirani



Sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu, Mola wa viumbe vyote, na rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (s.a.w.), jamaa zake na sahaba zake. Ama baada ya hayo.

Wapenzi wasomaji, juma hili tumeletewa suala na dada yetu aliyetoka Pwani kwenda kukaa Gitothua, katika mji wa Ruiru, kaunti ya Kiambu, kwa ajili ya kazi ya mumewe. Tumeliona suala lake kuwa ni la wengi, kwani siku hizi jamaa zetu waliojenga au kupanga huko Ruiru, Juja na Thika si haba. Dada huyu aeleza kwamba wamenunua nyumba katika ploti ya futi 50 kwa 100, yaani karibu thumuni ya ekari. Mpakani waliukuta mti mkubwa wa grevilea. Mizizi yake iliingia chini ya ukuta wa jirani, mama mtu mzima, Mkristo, akaja kuwaeleza mara ya kwanza, ya pili na ya tatu. Kila mara aliahidiwa kuwa jambo litaangaliwa. Mwisho ukuta ukapasuka, na tawi likaangukia paa la jiko lake. Mti ukakatwa siku ile ile, lakini ukuta haukutengenezwa, na tangu hapo salamu zimekatika baina ya nyumba mbili hizi.

Sasa mume ataka uwanja wote uwekwe kabro, pasibaki hata shibiri ya udongo, ili asisikie tena habari ya mti. Mke naye atamani mti mmoja wa maua, kwani tangu aondoke kwao hajanusa kilua wala asumini. Katika kitalu kimoja cha miche kando ya barabara ameonyeshwa mche wa magnolia, akaambiwa kuwa ni aina fupi isiyokua sana. Atuuliza: je, yafaa kuupanda, na ni nani kati yao mwenye haki?

Kwanza ukuta, kisha shimo

Tutaueleza mti huo kwa urefu, kwani ni mti mzuri na una mafunzo. Lakini mbele ya mche kuna deni. Mti ulikuwa katika milki ya watu hawa, jirani akawaonya mara tatu, na madhara yakamfika. Haifai Mwislamu kusema kuwa hayo ni kadari, kisha akanyamaza. Kadari twaiamini, na pamoja na kuiamini twatengeneza tulichoharibu. Basi hatua ya kwanza si kwenda kitaluni. Ni mume na mke kubisha hodi kwa yule mama, kumtaka radhi kwa maneno ya wazi, kumwita fundi mbele yake, na kukubaliana juu ya gharama ya ukuta na paa. Pakizuka ubishi kuhusu kiasi, wapo wazee wa mtaa na chifu, waketi nao kwa utulivu.

Asije mtu akasema, “Huyu si wa dini yetu.” Imepokewa na Abu Daud na Tirmidhi kwamba sahaba Abdullahi bin Amr alipochinjiwa mbuzi nyumbani kwake aliuliza kwa kukariri iwapo jirani yake Myahudi amekwisha kupelekewa sehemu, na akatoa sababu kuwa alimsikia Mtume (s.a.w.) akieleza namna Jibrili alivyomuusia sana habari ya jirani, hata akadhani atamfanya kuwa mrithi. Ikiwa nyama ya zawadi ilimpasa jirani asiyekuwa Mwislamu, je, ukuta wake uliopasuliwa na mti wetu?

Na katika Sunan ya Abu Daud mna kisa kinachogusa jambo hili hili la mti na jirani. Samura bin Jundub alikuwa na mitende ndani ya bustani ya mtu wa Ansari. Alikuwa akiingia kuitazama mitende yake, na mwenye bustani, aliyekaa humo na ahali yake, akaudhika. Akamtaka amuuzie, akakataa. Akamtaka wabadilishane kwa mahali pengine, akakataa. Shauri likafika kwa Mtume (s.a.w.), naye akamtaka auze, kisha abadilishe, kisha atoe kwa hiari na akamtajia malipo mema, na yote akayakataa. Hapo Mtume (s.a.w.) akamhukumu kuwa ni mwenye kudhuru, na akamruhusu Ansari aing'oe mitende ile. Wanavyuoni wa hadithi wameizungumzia isnadi ya kisa hiki, lakini maana yake yaungwa mkono na kanuni mashuhuri ya sharia kwamba hakuna kudhuru wala kudhuriana. Twazame katika jambo moja: mtende ni mti wenye baraka na chakula, na hata hivyo haki ya jirani haikufutwa kwa ajili yake. Seuze mti wa pambo!

Kwa sababu hiyo mafakihi wetu wa madhehebu ya Shafi wamesema kwamba matawi yakivuka mpaka na kuingia katika anga ya jirani, jirani ana haki ya kumtaka mwenye mti ayaondoe. Akikataa, jirani aweza kuyapinda yarudi, na yasipopindika aweza kuyakata. Mizizi nayo hukumu yake ni mfano wa matawi. Ajuaye haya kabla ya kupanda atachagua mti kwa jicho jingine. Hatauliza tu, “Maua yake ni mazuri?” Atauliza, “Baada ya miaka 20 utakuwa na kimo gani, na kivuli chake kitaangukia kwa nani?”

Magnolia ni mti gani?

Sasa tuingie katika mti wenyewe. Jina la magnolia limetokana na Pierre Magnol, mtaalamu wa mimea wa mji wa Montpellier, Ufaransa, aliyezaliwa mwaka 1638 na kufariki mwaka 1715. Jamii yake ina aina zaidi ya 200, na asili yake ni nchi za mashariki na kusini mashariki mwa Asia, na bara la Amerika. Ile inayohusika na suala letu huitwa Magnolia grandiflora, na kwao ni majimbo ya kusini mashariki mwa Marekani. Majani yake hayapukutiki yote kwa msimu. Ni mazito kama ngozi, juu yang'aa, na chini yana vinyweleo vya rangi ya kutu. Ua lake ni jeupe kama maziwa, kubwa, na harufu yake yakaribia ile ya ndimu iliyochanganywa na kitu kitamu. Ua moja halidumu ila siku chache, kisha hugeuka hudhurungi, lakini mti huendelea kutoa mengine kwa muda mrefu.

Wataalamu wasema ukoo huu ni wa kale mno miongoni mwa mimea itoayo maua. Ulikuwapo kabla nyuki hawajaenea kama tuwajuavyo, na hata leo wadudu wanaoubebea chavua hasa ni mbawakawa. Ametakasika Aliyempangia kila kiumbe riziki yake ndani ya ua, kabla ya sisi kuja kulinusa.

Huenda msomaji wa Mombasa, Malindi au Lamu akasema kuwa huu ni mti wa kigeni usiotuhusu. Basi na ajue kuwa ndugu zake wamo nyumbani mwetu siku zote. Wataalamu huuweka magnolia katika kundi moja kubwa pamoja na mstafeli, mtopetope, mlangilangi, mkilua na mkungumanga. Stafeli tunalolisaga kwa maziwa, langilangi linalovukizwa na kusongwa, kungumanga inayokunwa ndani ya haluwa, na kilua cha kikuba, vyote ni vya kundi hilo. Na habari ya mkilua ni ya kutufurahisha zaidi. Mti huu mdogo ni wa misitu ya pwani yetu, Kenya na Tanzania. Mtaalamu wa Kiingereza, Bernard Verdcourt, alipouandika rasmi katika elimu ya mimea mwaka 1970, alilichukua jina lile lile walilolitumia bibi zetu, akauita Mkilua fragrans, yaani mkilua wenye kunukia. Hivyo duniani kote, mwenye kuusoma mti huo hulazimika kutamka neno la Kiswahili.

Dada yetu basi, akisimama mbele ya magnolia kule Gitothua, hasimami mbele ya mgeni. Asimama mbele ya binamu wa kilua aliyezoea baridi.

Ufupi uwe wa asili

Hapa ndipo penye hatari. Magnolia grandiflora wa asili si mti mfupi hata kidogo. Kwao hufikia futi 60 hadi 80, na matawi yake hutanda sana. Ukipandwa katika ploti ya futi 50 kwa 100, baada ya miaka utarudisha kisa kile kile cha grevilea. Aina fupi ipo kweli. Mashuhuri zaidi ni ile iitwayo Little Gem, iliyochaguliwa katika jimbo la North Carolina, Marekani, katika miaka ya 1950. Hiyo hukua polepole na kwa wembamba: katika miaka 20 hufika kama futi 20 kwenda juu, na upana wa futi 10 hivi. Majani yake ni madogo kuliko ya mti wa asili, na ua lake pia, ingawa bado laweza kujaa katika kiganja cha mtu mzima.

Watu wa Ruiru hawahitaji kufundishwa faida ya mti mfupi. Hapo hapo kwao ndipo penye taasisi ya utafiti wa kahawa, na hapo ndipo ilipotoka, mwaka 1985, kahawa ya Ruiru 11. Sifa zake ni mbili: yastahimili maradhi ya chulebuni na kutu ya majani, na mti wake ni mfupi uliojikusanya. Kwa ufupi huo mkulima aweza kupanda miche 2,500 kwa hekta moja, pale ambapo kahawa ya zamani ilipandwa kama miche 1,330. Mti mfupi wawapa wengi nafasi. Ndivyo ilivyo pia katika mtaa wa nyumba zilizobanana: mti unaojikusanya humwachia jirani jua lake, upepo wake na ukuta wake.

Lakini ufupi huo haupatikani kwa mbegu. Mbegu ya magnolia hutoa mti unaofuata asili yake, nao waweza kuwa mkubwa. Mche wa aina fupi hutokana na kipande cha tawi kilichooteshwa, au na tawi lililounganishwa juu ya shina jingine. Kwa hiyo mnunuzi aulize waziwazi: mche huu umetoka wapi, kwa mbegu au kwa tawi? Aombe aonyeshwe mti mama. Dalili njema ni mche uliokwisha kuchanua ilhali ungali na kimo cha mtoto mdogo, kwani aina fupi huchanua mapema, na ule wa mbegu waweza kukaa miaka 10 na zaidi bila ya ua. Ukiambiwa tu, “Huu haukui sana,” pasipo maelezo, usiharakishe.

Na kwa ndugu zetu wauzaji wa miche, tunawakumbusha kuwa kumuuzia mtu mche wa mbegu kwa jina na bei ya aina fupi ni ghushi. Katika Sahihi Muslim yaelezwa namna Mtume (s.a.w.) alivyoingiza mkono katika chungu ya nafaka sokoni, akakuta unyevu ndani ilhali juu ni kavu, akamkemea muuzaji kwa kuificha aibu ya bidhaa yake, na akaonya kuwa mwenye kughushi hayumo katika mwendo wake. Unyevu wa nafaka ulionekana saa ile ile. Aibu ya mche hufichika kwa miaka, na hutokea wakati ukuta wa mtu mwingine ushapasuka.

Namna ya kuupanda Gitothua

Ruiru ipo juu kiasi cha mita 1,500 na zaidi kutoka usawa wa bahari. Usiku wa Julai ni wa baridi, na mchana hauna ukali wa jua la Pwani. Hali hiyo yaufaa magnolia. Udongo mwekundu wa huko, ule ule unaopendwa na kahawa, una uchachu kidogo na hupitisha maji vizuri, na mti huu wautaka hivyo. Ila zipo sehemu za Ruiru zenye udongo mweusi unaonata wakati wa mvua na kupasuka wakati wa kiangazi. Mwenye udongo huo asipande moja kwa moja. Ainue tuta, achanganye na udongo mwekundu na samadi iliyooza vizuri, ndipo apande juu yake, maana mizizi ya magnolia haivumilii kusimama majini.

Wakati mwema ni mwanzo wa mvua ndefu, mwezi wa Machi au Aprili, au mvua za vuli kuanzia Oktoba. Mahali pawe penye jua la kutosha. Umbali usipungue futi 10 kutoka ukuta, mpaka, bomba na tangi la maji machafu, na juu kusiwe na nyaya za umeme. Ikiwa uwanja hauna nafasi ya kutimiza umbali huo, basi uwanja huo hauna nafasi ya mti huu, na heri kupanda asumini katika chungu.

Shimo liwe pana mara mbili au tatu ya mzizi, na kina chake kiwe sawa na kina cha mche ulivyokuwa katika mfuko wake. Shina lisifukiwe. Mizizi ya magnolia ni minene, laini, na hukaa karibu na uso wa ardhi, haipendi kukatwakatwa wala kuhamishwa. Kwa hivyo usilime kwa jembe chini yake. Badala yake tandaza maganda ya kahawa au majani makavu, unene wa kama shibiri nusu, na uyaweke mbali kidogo na shina lisije likaoza.

Katika mwaka wa kwanza na wa pili usiuache ukauke. Hapa ipo faida ambayo nyumba ya Kiislamu inayo na nyingine haina: maji ya udhu. Weka beseni penye kutawadhia, na jioni watoto wauchukulie mti maji hayo. Ni maji safi yasiyo na sabuni, kwani maji ya sabuni nyingi hayaufai mti huu. Kwa njia hiyo mtoto hujifunza mambo mawili pamoja: kutoyafuja maji, na kukihudumia kitu chenye uhai.

Kupogoa hakutakiwi sana. Matawi machache yanayotaka kuvuka mpaka yakatwe yangali membamba, baada ya wingi wa maua kupita. Na ijulikane mapema kuwa mti huu huangusha majani kidogo kidogo mwaka mzima, nayo ni magumu, hayaozi upesi. Nani atayafagia? Yakipeperushwa uani kwa jirani, ni nani atakayeyafuata? Jambo hili lipangwe siku ya kupanda. Wala yasichomwe moto, moshi ukaingia katika nguo alizozianika jirani. Yarundikwe pembeni yaoze taratibu, kisha yarudi kuwa mbolea ya mti wenyewe.

Tuongeze tahadhari moja kwa wenye watoto. Yale maua makubwa yaning'iniayo mfano wa tarumbeta, yanayopandwa sana katika nyua za bara, yana sumu katika kila sehemu yake. Magnolia haijulikani kwa sumu ya namna hiyo. Mama achaguaye mti wa uani atazame pia mikono ya mwanawe.

Harufu na hamu ya nyumbani

Dada yetu ametaja hamu ya kilua. Hamu hiyo haina lawama. Qur'ani Tukufu imetaja mimea yenye harufu nzuri miongoni mwa neema, katika Suratur-Rahman, na imeitaja tena katika malipo ya waliokaribishwa kwa Mola wao, katika Suratul-Waqia. Na Mtume (s.a.w.) ametufundisha, kama alivyopokea Imam Muslim, kuwa anayepewa rehani asiirudishe, kwani ni nyepesi kuibeba na harufu yake ni njema.

Hata hivyo magnolia si ua la kikuba. Likishikwashikwa hugeuka madoa ya hudhurungi upesi. Heshima yake ni kulikata moja tu asubuhi, likiwa linaanza kufunguka, na kuliweka katika bakuli la maji chumbani, likanukisha nyumba kwa siku hiyo. Manukato hayo yana mahali pake: ndani, kwa mume, na katika mkusanyiko wa wanawake. Ama kutoka njiani kwa harufu ya makusudi ili wanaume waisikie, hilo limekatazwa katika hadithi zilizopokewa na Abu Daud, Tirmidhi na Nasai, na mama zetu wanalijua.

Na kwa wasomaji wetu walioko Pwani tuna neno lao. Msione habari za Ruiru mkakimbilia kuagiza magnolia. Udongo wetu wa matumbawe una chokaa nyingi, na mti huu hauipendi chokaa. Nyinyi mnao mkilua, mdogo kwa umbo, wa kwenu, na unaopungua kwa kuwa nyua zetu zinafunikwa saruji na misitu inakatwa. Mwenye kupata mche wake aupande. Langilangi nalo ni zuri, ila mti wake wa kawaida hukua upesi na kurefuka mno. Jirani zetu wa Visiwa vya Ngazija, wanaolima langilangi kwa ajili ya mafuta yake, huukata kilele na kuyainamisha matawi ili mchumaji ayafikie maua akiwa amesimama chini. Asiyekuwa tayari kwa kazi hiyo kila mwaka asiupande karibu na ukuta.

Baina ya mume na mke

Limebaki suala la nani mwenye haki. Mume ana haki katika khofu yake, kwani aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka. Mke ana haki katika haja yake, kwani nyumba ni mahali pa utulivu na si maegesho ya gari tu. Qur'ani imetaja kushauriana na kuridhiana kwa mume na mke hata katika kumwachisha mtoto kunyonya. Uwanja wa nyumba hautashinda kupatiwa shauri.

Kabro zikifunika kila shibiri, maji ya mvua hayatakuwa na pa kuingia. Yatamiminika njiani au kwa yule yule jirani, na dhara tuliloliondoa kwa mti tutalirudisha kwa maji. Basi na ziwekwe pale gari linapopita na pale pa kuanikia nguo, na mahali pa mti paachwe wazi, angalau futi sita kwa sita za udongo, katika umbali tulioutaja. Na kabla mche haujatiwa ardhini, aitwe yule mama wa upande wa pili, aonyeshwe mahali penyewe, aelezwe kimo cha mti, aulizwe kama ana la kusema. Akiwa na pingamizi ya haki, pabadilishwe. Sharia haikuwalazimisha kumwomba ruhusa kwa mti ulio katikati ya milki yao, lakini waliomnyima sikio mara tatu wampe sikio mara hii bila ya kuombwa. Ua la kwanza litakapofunguka, lisikatwe kwa ajili ya nyumba yao. Liende kwake.

Wapangaji nao wasidhani wameachwa. Ardhi ya kupanga ni ya mwenyewe, na mti hupandwa kwa idhini yake. Akikataa, kipo chungu kikubwa chenye matundu chini, na magnolia fupi huweza kukaa humo kwa miaka kadhaa ikipewa maji na mbolea, kisha ikahama pamoja na mwenyewe.

Kuhusu thawabu, Bukhari na Muslim wamepokea kwamba Mwislamu akipanda mti, kisha ndege, mtu au mnyama akala katika mti huo, huandikiwa sadaka. Magnolia haina tunda la kuliwa na watu, lakini ndege huzichukua mbegu zake nyekundu, wadudu hupata riziki katika ua lake, na mpita njia hupata kivuli na harufu. Mlango wa Mwenyezi Mungu ni mpana kwa mwenye nia njema. Ila sadaka haikusanyiki na dhulma katika shimo moja. Mti uliopandwa juu ya haki ya mtu hauwezi kumnukishia mwenyewe mbele ya Mola wake, hata ukichanua mwaka mzima.

Twamuomba Mwenyezi Mungu azijaalie nyumba zetu, za Pwani na za bara, kuwa nyumba za utulivu, awape majirani zetu amani kutokana na mikono yetu, ndimi zetu na miti yetu, na atukutanishe katika bustani zisizo na mpaka wala ugomvi. Amin.

Wallahu a'lam, wabillahi tawfiq.